Tabora: Kinga ya mwili inapogeuka kuni za saratani

TABORA ni mji uliozaliwa na misafara. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, msafiri aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji kwa njia kuu alipita Unyanyembe, akapumzisha wapagazi wake, akanunua chakula na kusikiliza habari za njia iliyo mbele. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 7 mwaka huo huo. Hiyo ilikuwa zaidi ya miezi minne.

Leo mgonjwa wa saratani kutoka Urambo au Sikonge anayepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, hufuata karibu njia ile ile kuelekea pwani, takriban kilometa 840 za reli kutoka Tabora mjini. Akipelekwa Bugando, Mwanza, safari inapungua hadi kilometa 380 hivi. Safari yenyewe si ya miezi tena. Kinachochukua muda mrefu ni yale yaliyotangulia safari: miaka 20 au 30 ambayo mwili wake ulikuwa ukipigana vita ndogo isiyokwisha, na ambayo hakuna aliyemwambia kwamba ina mwisho mbaya.

Vita hiyo ndiyo inayowashughulisha wanasayansi wa saratani kwa sasa. Kwa muda mrefu saratani ilielezwa kama kosa la chembe moja ya mwili iliyoasi na kuanza kugawanyika ovyo. Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Chembe iliyoasi haiishi peke yake. Inaishi katikati ya askari wa mwili, yaani mfumo wa kinga, na askari hao huweza kuiangamiza au, bila kukusudia, kuilisha.

Kidonda ndugu

Watu wa njia ya misafara waliujua ugonjwa mmoja ambao unaonyesha jambo hili wazi kuliko vitabu. Wanyamwezi waliosifika kwa upagazi walibeba pembe za ndovu mabegani, na miguuni walibeba kitu ambacho hakikuingia katika hesabu za wafanyabiashara: vidonda vya muundi visivyopona. Wageni hawakusalimika. David Livingstone, kabla ya kukutana na Henry Stanley pale Ujiji mwaka 1871 na baadaye kukaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, alikwama Bambarre huko Manyema mwaka 1870 kwa wiki nyingi kwa sababu ya vidonda vya miguu.

Kiswahili kimekiita kidonda cha namna hiyo kidonda ndugu, jina la kejeli kwa kitu kinachokaa na mtu kama jamaa asiyeaga. Madaktari wa hospitali za Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita waliona jambo la kutisha zaidi. Kidonda kilichokaa miaka mingi kwenye muundi, kikifunga na kufumuka, mara nyingine kiligeuka kuwa saratani ya ngozi. Huko Ufaransa, Jean-Nicolas Marjolin alikwisha kuandika mwaka 1828 juu ya vidonda vinavyoota katika makovu ya zamani, ingawa ni wengine waliokuja baadaye kutambua kuwa vingi kati ya hivyo ni saratani.

Mwaka 1863 Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, alitazama uvimbe wa saratani kwa hadubini akakuta umejaa chembe nyeupe za damu. Alihisi kwamba saratani huanzia mahali palipokuwa na mchochota wa muda mrefu. Wazo lake lilisahauliwa kwa zaidi ya miaka 100. Lilipofufuliwa, Mmarekani Harold Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe wa saratani una tabia za jeraha ambalo halimalizi kupona. Mpagazi wa Unyanyembe asingeshangaa.

Hapa lugha yenyewe huleta mkanganyiko. Neno “uvimbe” hutumika kwa saratani, na pia kwa ile hali ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa mwekundu na kuuma pale kinga inapopambana na adui. Ni mambo mawili tofauti. Katika makala haya hali hiyo ya pili itaitwa mwako. Mwako wa siku chache ni tiba: mchubuko hupona, homa hushuka. Hatari ipo katika mwako wa miaka.

Askari wa kinga wanapopigana humwaga sumu kali zinazounguza vimelea. Sumu hizo hazichagui sana, na sehemu yake huharibu vinasaba vya chembe zenye afya zilizo jirani. Wakati huo huo mwili huamrisha chembe hizo jirani zigawanyike haraka ili kuziba pengo, na mishipa mipya ya damu ichipue. Chembe yenye vinasaba vilivyoharibika ikiamrishwa kugawanyika mara elfu kwa elfu, ipo siku moja kati yake itagoma kuacha. Nayo itakuta mishipa ya damu tayari imekwisha kutandazwa.

Wasomaji wa Tabora na Shinyanga hawahitaji mfano wa mbali. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walikiona cha mtema kuni. Lakini doria isiyo na mwisho ilizaa malalamiko yake, ya wananchi wasio na hatia waliopigwa na kutozwa faini. Kinga ya mwili nayo iko hivyo: ni ya lazima, lakini ikikaa kazini bila likizo huanza kuumiza wenye nyumba.

Majaruba na kibofu

Katika Magharibi ya Tanzania, mwako unaostahili kutajwa kwanza ni ule wa kibofu cha mkojo, na chanzo chake ni kichocho. Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa maradhi hayo. Pwani na visiwani kinajulikana vizuri. Katika nyanda za Tabora, Shinyanga na Mwanza kinaambatana na maisha ya kila siku kiasi kwamba wengi hawakihesabu kuwa ugonjwa.

Konokono wanaobeba kichocho cha mkojo, wa jamii ya Bulinus, hupenda maji yaliyotulia: malambo ya ng'ombe, mashimo ya matofali na majaruba ya mpunga. Mpunga wenyewe uliletwa Unyanyembe na wafanyabiashara wa pwani katika enzi za misafara, pamoja na miembe ambayo bado inaonekana mjini, na leo ni zao la kutegemewa Igunga, Nzega na Uyui. Kiangazi malambo hukauka na mtu angedhani konokono wamekufa. Baadhi yao hujificha kwenye tope lililokauka wakisubiri mvua.

Mtu akiingia majini, vijidudu vidogo mno humpenya ngozini bila yeye kuhisi zaidi ya mwasho. Minyoo ikikomaa huishi wawili wawili, dume na jike, ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na huweza kukaa huko miaka mingi. Ajabu ni kwamba mnyoo wenyewe haudhuru sana, kwa kuwa umejifunza kujificha mbele ya kinga. Kinachodhuru ni mayai. Kila yai lina mwiba, na mengi hukwama katika ukuta wa kibofu. Askari wa kinga huyazingira, hujenga kama kiota cha makovu, na mwako huanza. Mayai mapya huja kila siku.

Kibofu kilichoteseka hivyo hubadilisha utando wake wa ndani. Utando laini ulioumbwa kutanuka hugeuka mgumu, unaofanana na ngozi, na kutoka humo huchipua saratani ya aina ambayo ni nadra Ulaya. Daktari Ferguson, aliyekuwa Cairo, alihusisha kichocho na saratani ya kibofu tangu mwaka 1911. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1994, pamoja na bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori.

Ushahidi wa karibu zaidi na Tabora ulitolewa Bugando mwaka 2013. Watafiti walipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu katika Kanda ya Ziwa. Zaidi ya nusu walikuwa na aina hiyo ya utando mgumu, na zaidi ya asilimia 40 walikutwa na mayai ya kichocho ndani ya nyama zilizopimwa. Wastani wa umri wao ulikuwa chini ya miaka 55. Jambo lingine linalostahili kuangaliwa ni kwamba wanawake walikuwa takriban nusu ya wagonjwa, wakati katika nchi tajiri saratani ya kibofu huwapata wanaume zaidi kwa mbali. Anayejua nani anapandikiza mpunga na nani anafua lamboni hatauliza kwa nini.

Kovu la begani

Kibofu hicho hicho ndicho kilichotoa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales wa Kanada alichapisha matokeo ya jaribio lililoonekana la ajabu: aliingiza ndani ya vibofu vya wagonjwa wa saratani changa chanjo ya BCG, ile ile ya kifua kikuu inayowaachia watoto wa Tanzania kovu dogo begani. Bakteria dhaifu wa chanjo waliwasha mwako, askari wa kinga wakajazana, na katika hasira yao wakaikuta saratani na kuishambulia. Hadi leo BCG ni miongoni mwa tiba kuu za saratani changa ya kibofu duniani.

Kwa hiyo mwako unawasha na mwako unazima. Tofauti ni muda, mahali, na aina ya askari waliofika. Mwako mkali wa wiki kadhaa huamsha askari wanaoua chembe zilizoasi. Mwako wa miaka 30 huwachosha hao, ukawaleta wengine ambao kazi yao ni kutuliza ghasia na kuziba majeraha. Saratani hupona mgongoni mwa hao watulizaji. Ugunduzi wa jinsi saratani inavyowafunga askari breki, na jinsi ya kuzifungua, uliwapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Hata hivyo, habari njema hizo hazijafika njia ya misafara. BCG ya kibofu inafaa kwa saratani changa ya ile aina ya Ulaya, si kwa aina ya utando mgumu inayotokana na kichocho, ambayo aghalabu hugunduliwa ikiwa imekwisha kuingia ndani ya misuli. Kwa mgonjwa huyo kinachobaki ni upasuaji mkubwa wa kuondoa kibofu kizima. Dawa za kufungua breki za kinga zina bei ambayo mkulima wa Uyui hawezi kuilipa hata akiuza ng'ombe wote wa ukoo. Ni kweli kabisa kusema kwamba sayansi imepiga hatua, na ni kweli vile vile kwamba hatua hizo zimepigwa kwa saratani ya watu wengine.

Tabora ina kuni za ziada. Duniani kote sababu ya kwanza ya saratani ya kibofu ni tumbaku, kwa kuwa sumu za moshi huchujwa na figo na kukaa kibofuni zikisubiri kutolewa. Tumbaku ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa Urambo, Kaliua na Sikonge tangu mpango wa Waingereza wa karanga ulipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mashamba yake ya Urambo kugeuzwa ya tumbaku. Tanzania iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Mkoa unaoishi kwa zao hilo haukuulizwa utaishi kwa nini badala yake, na mkulima anayevuta sigara huku kibofu chake kina makovu ya kichocho anabeba mizigo miwili.

Kinga inapoondoka

Upo upande mwingine, wa kinga iliyodhoofika. Tangu wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, madaktari waliona mabaka meusi ya saratani ya Kaposi yakienea kwa vijana. Saratani hiyo ilijulikana Afrika Mashariki kabla ya Ukimwi, ila kwa wazee zaidi, na ilikwenda polepole. Virusi vinavyoisababisha vilitambuliwa mwaka 1994. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilipoanza kutolewa bure kuanzia mwaka 2004, baadhi ya wagonjwa mabaka yao yalinywea bila dawa nyingine yoyote ya saratani. Askari walirudi kazini, basi.

Kwa wanawake, habari hiyo inahusu mlango wa kizazi. Zaidi ya Watanzania 10,000 huugua saratani hiyo kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufa. Kinga yenye nguvu huvifuta virusi vya HPV, vinavyoisababisha, ndani ya miaka miwili hivi kwa wanawake wengi. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi uwezekano wa kupata saratani hii ni takriban mara sita. Chanjo ya HPV iliingizwa katika ratiba ya taifa mwaka 2018, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi huo ulitegemea, miongoni mwa mengine, utafiti uliofanyika Mwanza kuanzia mwaka 2017 kwa wasichana 930. Ni nadra kwa sera ya dunia nzima kubadilishwa na mabega ya watoto wa shule wa Kanda ya Ziwa, na jambo hilo lilistahili kutangazwa zaidi ya lilivyotangazwa.

Si kila jaribio lilitoa jibu safi. Mkoani Mara, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto walipewa klorokwini ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza saratani ya taya, ile ambayo Denis Burkitt aliieleza kutoka Uganda mwaka 1958. Malaria ya kudumu huzichokoza chembe za kinga zenye virusi vya Epstein-Barr hadi mojawapo inaasi. Saratani ilipungua kweli. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na kisha vimelea vya malaria vikaanza kuzoea klorokwini. Watafiti waliandika hivyo bila kuficha.

Vidonge vya nani?

Kwa kichocho jibu linajulikana tangu miaka ya 1980: vidonge vya prazikwanteli. Huua minyoo iliyokomaa, na mayai mapya hukoma. Havirudishi kibofu kilichokwisha kuharibika wala havimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini. Ndiyo maana suala la nani apewe, na mara ngapi, ni suala la saratani, ingawa halizungumzwi hivyo katika mikutano ya bajeti.

Kwa miaka mingi ugawaji umeegemea shule. Mwalimu hupima kimo cha mtoto kwa fimbo yenye alama, anahesabu vidonge, mtoto anameza. Mpango huo umeokoa wengi. Lakini mama anayepandikiza mpunga Igunga haendi shule, wala mvuvi wa bwawa, wala mdogo wa mwanafunzi anayebebwa mgongoni hadi lamboni. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo mpya unaotaka kila mtu kuanzia miaka miwili apewe dawa katika maeneo ambako kichocho kimefikia asilimia 10. Kidonge cha watoto wadogo, kinachoyeyuka majini, kilipata kibali cha wadhibiti wa Ulaya Desemba 2023 na cha WHO mwaka uliofuata.

Mwongozo ulikuja, fedha zikaondoka. Programu ya Shirika la Misaada la Marekani (USAID) kwa magonjwa yasiyopewa kipaumbele ilifutwa mwaka 2025. Dawa zenyewe hutolewa msaada na kampuni ya Merck ya Ujerumani, hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka kwa Afrika, lakini kidonge hakijipeleki kijijini. Kinahitaji gari, mafuta, posho ya mhudumu na mtu wa kuhesabu waliomeza.

Misri inaonyesha faida na pia hatari. Kichocho kilipodhibitiwa huko, saratani ya kibofu ya utando mgumu ilipungua sana. Kabla ya hapo, kampeni za sindano za kichocho, zilizotumia sindano zisizochemshwa vizuri, zilieneza virusi vya homa ya ini aina ya C kwa mamilioni ya watu, ambao nao baadaye walipata mwako wa ini. Karibu zaidi, Unguja na Pemba zimeshusha kichocho hadi viwango vya chini mno katika maeneo mengi kwa kugawa dawa kwa watu wazima pamoja na watoto, kuwashughulikia konokono na kuelimisha shuleni. Visiwa ni vidogo. Tabora peke yake ina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 76,000, na malambo yake hayajahesabiwa na mtu.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: ukanda wa karatasi unaochovywa kwenye mkojo hutambua damu ambayo macho hayaioni. Zahanati nyingi hutumia ukanda huo kwa wajawazito. Mkulima wa miaka 45 anayelalamika maumivu ya kiuno mara nyingi hurudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, bila mkojo wake kupimwa, na kuanzia Novemba, mvua zikifika, anaingia tena jarubani.